Droni ya askari wa miguu ianze na fundi

Mimi kazi yangu ni droni, za kupiga picha za ramani, mashamba na mipaka ya viwanja, sio za vita, ila ukishinda na hivi vidude kila siku huwezi kuacha kufuatilia majeshi yanavyovitumia, na kuna kitu kinanikera kila nikisoma habari za jeshi fulani kununua droni. Watu wanauliza bei, wanauliza inaenda umbali gani, inatoka Uturuki au China. Hakuna anayeuliza ikianguka leo saa nne asubuhi ikavunjika mkono nani anaitengeneza na itaruka tena saa ngapi. Kwa askari wa miguu hilo ndo swali lenyewe.

Chukua Black Hornet. Kampuni ya Norway, Prox Dynamics, walitengeneza kihelikopta cha gramu 16, yaani sukari ya kikombe kimoja cha chai kwa sisi tunaopenda tamu, urefu kama sentimita 10, kina kamera, na mpaka 2013 wanajeshi wa Uingereza walikuwa wanakitumia Afghanistan, askari anajibanza nyuma ya ukuta anakirusha kichungulie upande wa pili kabla yeye hajatoa kichwa. Wazo zuri mno, nalipenda kwa moyo wote. Lakini mkataba uliripotiwa kuwa pauni milioni 20 kwa seti 160, piga hesabu, ni zaidi ya pauni 100,000 kwa seti. Sasa kitu cha bei hiyo ukimpa koplo ataogopa kukirusha, maana upepo ukikichukua kuna maelezo ya kuandika na maswali ya kujibu, kwa hiyo kinabaki kwenye begi siku ile ile kilipohitajika. Wamarekani wenyewe imewachukua mpaka Julai 2025 wizara yao ya ulinzi kusema rasmi kwamba droni ndogo zihesabiwe kama risasi, kitu cha kutumika na kuisha, sio mali ya kudumu kama ndege.

Halafu kuna Raven, ya kurusha kwa mkono, kilo 2 hivi, unaiinua juu ya bega unaitupa kama mkuki. Hiyo mpaka huku kwetu ilifika, 2011 Marekani ilitangaza msaada wa dola milioni 45 kwa Uganda na Burundi kwa ajili ya vita ya Somalia na ndani yake zilikuwemo Raven nne. Mwaka 2016 Ukraine wakapewa 72, za analogi, kumbe kule adui ana mitambo ya kuvuruga mawimbi, zikawa zinajamiwa kirahisi tu, mshauri mmoja wa jeshi la Ukraine akasema ingekuwa juu yake angezirudisha. Ndege ni ile ile, ila aliyeitengeneza yuko mbali sana na anayeirusha, na kati yao kuna ofisi kumi.

Walichofanya Waukraine baadaye ndo mi naona ni somo. Ile FPV yao ya kawaida, yaani droni ambayo rubani anavaa miwani na kuona kile kamera yake inachoona, ni fremu ya inchi 7, mota nne, kamera ndogo, betri, na chini kichwa cha kombora la RPG-7 kimefungwa kwa vile vikamba vya plastiki vya kubania nyaya, yote dola 400 au 500 hivi. Watu wanaziunga karakana, wengine sebuleni kwao. Mimi ninayo FPV ya inchi 5 ya kujifunzia na naweza kukwambia shida yake iko wapi: ukishuka chini, nyuma ya mti au ukuta, picha kwenye miwani inaanza chenga kama TV ya zamani antena ikitikiswa na upepo, na chenga zinakuja zile mita za mwisho kabisa, pale pale unapotaka kuona. Kule vitani, zaidi ya hayo, kuna mtu anakujamu kwa makusudi, yaani anavuruga mawimbi yako. Masafa ya redio yaliyofanya kazi wiki hii, wiki ijayo yamefungwa. Kwa hiyo rubani aliyeko handakini anampigia simu fundi, anamtumia video ya droni iliyopotea, fundi anabadilisha antena au masafa, mzigo mwingine unakuja tofauti. Ndo hivyo hivyo wakafika kwenye droni za faiba, inaburuta uzi mwembamba wa kupitisha picha na amri, kilomita 10 na kuendelea, unaojifungua nyuma yake kama uzi wa bobini, hakuna wimbi la redio la kujamu, na mashamba ya kule sasa yametandwa nyuzi kama utando wa buibui.

Mwaka juzi droni yetu ya ramani, ya bei mbaya, iligonga mwarobaini. Mkono mmoja tu umepasuka na waya wa mota umekatika, kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua kuchomelea. Muuzaji akasema haifunguliwi hapa, irudi kiwandani. Wiki saba. Sisi tulipoteza hela ya mteja. Kikosi kilichoko porini wiki saba kinapoteza nini?

Na hapa siwezi kuacha kuwataja wanajeshi wetu 15 wa JWTZ waliouawa Semuliki, Kivu Kaskazini kule Kongo, wakiwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, Desemba 7, 2017, waliposhambuliwa kigiza kinaingia. Umoja wa Mataifa ulishaanza kurusha droni kubwa kutokea Goma tangu Desemba 2013, lakini jicho la makao makuu sio jicho la kikosi, droni kubwa inaombwa, ina foleni na ratiba. Kijana aliyeko zamu pembeni ya msitu anahitaji jicho lililoko mkononi mwake, dakika hiyo hiyo aliyosikia majani yanavunjika.

Kuna upande mwingine ambao wapenzi wa droni wenzangu wanauruka na sipendi. Kherson, mji wa Ukraine, droni hizi hizi za bei rahisi za jeshi la Urusi zinawinda raia barabarani, mtu kwenye baiskeli, mtu ametoka dukani, na tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema 2025 kwamba yale ni mauaji yanayofikia uhalifu dhidi ya ubinadamu. Rubani wa FPV anamuona mtu mpaka mwisho. Hawezi kusema hakujua ni mama amebeba mfuko. Kwa hiyo kila droni ya jeshi inayobeba silaha itunze video yake, na video hiyo ikaguliwe na mtu asiye bosi wa rubani, hili liandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza kabisa.

Kwa majeshi yetu ombi langu ni dogo. Kabla ya kusaini droni moja ya mabilioni, chukueni kikosi kimoja cha watu 30, wapeni droni sita za kuchungulia tu, bila bomu, sanduku la mota na propela, na fundi mmoja anayelala nao kambi moja, kisha baada ya miezi mitatu waulizeni hao 30 kipi kibadilishwe.