R.E.M. na matanga ya dakika 49

Kwa miaka mingi niliijua Automatic for the People, albamu ya bendi ya R.E.M., bila mwisho wake. Mjomba alinirekodia kwenye kaseti ya dakika 90: upande mmoja R.E.M., upande wa pili taarabu. Upande wa kaseti hiyo unabeba dakika 45, na albamu inakaribia 49, kwa hiyo wimbo wa kumi na mbili ulikuwa unaanza tu, tk, redio inagota. Nageuza kaseti, nakutana na udi na fidla. Kwangu mimi albamu iliishia kwenye Nightswimming, wala sikujua ni kitu gani nimekosa.

Siku hizi naisikiliza nzima, na ugomvi wangu ni ule ule: sikubali wanaoiita albamu ya huzuni.

Tuangalie walikuwa wapi. R.E.M. ni vijana wanne walioanza mwaka 1980 Athens, mji wa chuo kule Georgia, Marekani, wakapanda polepole mpaka Out of Time ya 1991 ikawafanya mashuhuri dunia nzima na kuwaletea tuzo tatu za Grammy. Bendi nyingine ingefunga mabegi ikaenda kuvuna viwanjani. Wao wakabaki nyumbani. Mpiga gitaa Peter Buck alikuwa anataka albamu inayofuata iwe ya roki ya kelele, na mwaka wenyewe ulidai hivyo, kwani magitaa makali ya bendi za mji wa Seattle yalikuwa yamefunika kila redio. Oktoba 1992 wakatoa kinyume chake: mandolini, piano, gitaa zisizo za umeme, na wapiga fidla. Kinachonichekesha ni kwamba kazi ya kuchanganya sauti waliimalizia Seattle kwenyewe.

Kifo kimejaa humo, sikatai. Try Not to Breathe inaimbwa kwa sauti ya mzee aliyeamua kwamba siku zake zimetosha. Sweetness Follows inaanza na watoto wanaozika wazazi. Kuna wimbo wa mwigizaji Montgomery Clift na kuna Man on the Moon, wa mchekeshaji Andy Kaufman, aliyefariki 1984 huku watu wakidhani hata hilo ni utani wake mwingine. Na Michael Stipe, anayeimba yote haya, alikuwa na miaka 32.

Lakini aliyewahi kukaa matangani anajua kwamba kilio ni cha siku ya kwanza. Ikifika ya tatu, watu wamekaa mkekani, kahawa inazunguka, mtu anakumbuka kituko cha marehemu, mwingine anacheka, anakonyezwa anyamaze, kisha wote wanaangua kicheko. Albamu hii imeanzia siku ya tatu. Katika The Sidewinder Sleeps Tonite Stipe anasikika akicheka katikati ya wimbo, na wenzake wakakiacha kicheko hicho kikae. Man on the Moon ina kiitikio cha kuchezea. Jina lenyewe la albamu limetoka kwenye mgahawa wa Weaver D's pale Athens, ni kauli mbiu yao ya kumwambia mteja kwamba chakula chake kinakuja sasa hivi. Na matanga gani yasiyo na sufuria jikoni?

Anayenishangaza zaidi ni mpiga dramu, kwa kukubali kutopiga. Bill Berry ndiye aliyeleta mbegu ya Everybody Hurts, lakini mapigo tunayoyasikia humo ni ya mashine. Nightswimming haina dramu, haina besi, haina gitaa: ni piano ya Mike Mills, mpiga besi wao, inayozunguka pale pale, sauti ya Stipe, nyuzi, na oboe, ile zumari ya kizungu, inayochungulia mwishoni. Nyuzi hizo, katika nyimbo nne, zilipangwa na John Paul Jones wa bendi ya roki ya Led Zeppelin, na sijui nani mwingine angeweza kujizuia hivyo. Fidla zake zinachelewa kuingia, kama jirani mwenye adabu anayesubiri ndugu wa damu wakae kwanza.

Everybody Hurts yenyewe imenichosha, nakiri. Imegeuzwa plasta ya kila janga la kwenye televisheni, na mwaka 2010 wasanii mashuhuri waliirudia kuchangia tetemeko la Haiti. Lengo jema, sina neno. Ila wimbo ukishachomolewa kutoka nafasi yake unaonekana kama hotuba. Urudishe namba nne, nyuma ya kicheko cha Sidewinder na mbele ya kile kipande kifupi kisicho na maneno cha New Orleans, uone unavyopungua ukubwa na kuongezeka utu.

Ignoreland ningeitoa. Ni hasira juu ya miaka ya marais Reagan na Bush, iliyotoka wiki chache kabla ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 1992, na hasira hiyo naielewa. Lakini kila matanga yana yule mgeni anayefika na kuanzisha siasa kwa sauti ya juu wakati wengine wananong'ona. Anaweza kuwa anasema kweli. Bado unatamani mtu amshike mkono ampeleke nje akapate kahawa.

Wimbo ule ulioliwa na kaseti ni Find the River. Nilipoupata hatimaye, niliurudia mara tano usiku huo. Mills na Berry walirekodi sauti za kuitikia kila mmoja peke yake, bila kusikia mwenzake kafanya nini. Moja ikatoka ya kulalama, nyingine ya upole, na wala hawakuzilazimisha zipatane. Ukivaa spika za masikioni unazisikia zikipishana nyuma ya Stipe, kama watu wawili waliofiwa na mtu mmoja, kila mmoja akilia wa kwake. Mwaka 1997 Berry aliiacha bendi, na watatu waliobaki wakaendelea hadi 2011.

Kaseti ya mjomba bado ninayo. Inakatikia pale pale, kabla ya hao wawili kuingia, halafu taarabu.