Unakosea, Kivinjari Kinakuitikia Tu

Jamani, mtu akikuambia kutengeneza tovuti ni kujifunza vitu vitatu tu, HTML (mifupa ya ukurasa), CSS (mavazi yake) na JavaScript (vitendo vyake), usibishane naye. Hajadanganya. Alichokuficha ni kwamba vyote vitatu vina tabia ya kukunyamazia unapokosea, na wewe unayejifundisha mwenyewe huna mwalimu wa kukukemea. Unakosea Jumatatu, unakuja kujua Ijumaa.

Tuanze na HTML, ile wanayoiita rahisi. Umesahau kufunga `<div>` moja (kisanduku cha kubebea vitu vya ukurasa) huko mstari wa 40. Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kinasema nini? Kimya kama maji mtungini. Kinaifunga chenyewe, mahali kinapoona panafaa, na sehemu ya chini ya ukurasa inajikuta imehamia ndani ya safu ya pembeni, imebanwa, inasikitisha. Sasa wewe, kwa akili zako timamu, unaona ni tatizo la upana, unaingia kwenye CSS kupunguza pikseli. Punguza weee! Hata ukifika sifuri ile `<div>` bado iko wazi. Au umeweka `<div>` ndani ya `<p>`, yaani ndani ya aya. Hairuhusiwi, lakini nani akwambie? Kivinjari kinaifunga `<p>` kabla ya kufika kwenye `<div>`, na mtindo ulioupa aya hauifikii tena. Kuna kikaguzi cha bure cha W3C, shirika la viwango vya wavuti: unabandika ukurasa wako, unaambiwa mstari kwa mstari umeharibu wapi. Kazi ya dakika mbili. Ila masomo mengi hukitaja mwishoni, mtu akiwa amekwishazeeka.

CSS ndiyo yenye kiburi kabisa. Andika `colour` badala ya `color` uone. Hakuna onyo, hakuna rangi. Sahau nukta mkato moja baada ya `color: red`, halafu mstari unaofuata uandike `margin: 0;`. Utadhani umepoteza mmoja, kumbe umepoteza yote miwili, maana kivinjari kimeisoma kama sentensi moja isiyoeleweka, kikaitupa. Na wamefanya hivyo makusudi: sheria ni kwamba kivinjari kiruke kisichokijua, ili tovuti ya leo ifunguke hata kwenye kivinjari cha zamani. Sababu nzuri sana, nawapongeza, lakini mwanafunzi ndiye anayelipia. Bonyeza F12 zifunguke zana za ukaguzi za kivinjari, chagua kile kipande kinachokusumbua, usome mitindo yake: uliokataliwa utaukuta umepigwa mstari. Hapo ndipo pa kuanzia, si kuongeza `!important` (amri ya kulazimisha mtindo ushinde mingine) kila mahali kama mtu anayegombana na majirani.

Halafu hesabu. Una nafasi ya pikseli 900, unataka visanduku vitatu, kila kimoja 300. Darasa la tatu anaijua hii. Unavipanga ubavu kwa ubavu kwa `float`, unaviwekea `padding` (nafasi ya ndani) ya 20 na mpaka wa 1 kila upande, cha tatu kinaanguka chini. Kwa nini? Kwa sababu CSS ikisema upana ni 300 inamaanisha yaliyomo tu. Ongeza 20 na 20, ongeza 1 na 1, kila kisanduku ni 342. Dawa ni `box-sizing: border-box`, inayohesabu vyote hivyo ndani ya ule upana, na kila mtu anaiweka juu kabisa ya faili lake, kila mradi, miaka nenda rudi. Kama kila mtu anaiweka, si ingekuwa ndivyo ilivyo tangu mwanzo?

Kuweka kitu katikati? Unaambiwa flexbox, njia ya CSS ya kupanga vitu, imemaliza shida zote. Umeandika `display: flex`, `justify-content: center`, `align-items: center`, kitu kimekaa katikati kwa upana na kimeng'ang'ania juu. Sanduku lenyewe halina kimo, sasa katikati ya nini? Lipe `min-height: 100vh`, yaani kimo kizima cha skrini, litatulia.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya JavaScript. Brendan Eich aliiandika mwaka 1995 kwa siku 10, na ukiitumia unaamini. `"5" + 3` ni 53. `"5" - 3` ni 2. Usicheke, maana kila kinachoandikwa na mteja kwenye kisanduku cha fomu kinakuja kama maandishi, hata akiandika idadi. Ndiyo maana anayeongeza bidhaa moja juu ya mbili anajikuta na 21. Pitisha kwanza kwenye `Number()`, maandishi yageuke namba. Tarehe nazo: siku zinahesabiwa kuanzia 1, miezi kuanzia 0. Iombe `new Date(2025, 1, 30)`, yaani tarehe 30 Februari. Mwalimu yeyote angekurushia chaki. JavaScript inakupa tarehe 2 Machi, kwa adabu zote.

Haya, umemaliza, unamtumia rafiki kiungo cha `localhost:3000`. Hiyo ni kompyuta yako mwenyewe, ndugu yangu, yeye ataona nini? Ukipandisha kwenye seva, kompyuta inayohudumia tovuti mtandaoni, picha hazionekani. Faili linaitwa `Picha.JPG`, wewe umeandika `picha.jpg`. Windows ya kompyuta yako ilikuvumilia, Linux ya seva haikufahamu. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, uishi kwa amani. Kwenye simu kila kitu ni kidogo kama sisimizi kwa sababu umesahau kuandika `<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`, na simu ikadhani ukurasa una upana wa pikseli 980 hivi. Umerekebisha na bado unaona ya zamani? Ni keshe, nakala ya zamani ambayo kivinjari kimeihifadhi. Bonyeza Ctrl, Shift na R.

Na fremuweki, zile msimbo za tayari za kujengea tovuti juu yake, sitazisema sana, nina presha. jQuery 2006, AngularJS 2010, React 2013, Vue 2014. Ukishika moja unaambiwa wenzako wamehama. Maoni yangu: shika JavaScript yenyewe, hizo zitakusubiri.

Kitu kimoja tu hakinyamazi wala hakisahau, nacho ni Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako. Umepandisha ufunguo wa siri wa API (ule wa kuingilia huduma ya watu wengine kwa programu yako) hadharani, umeshtuka, umeufuta, umepandisha tena, umeongeza na jina la faili kwenye `.gitignore`, orodha ya vitu vya Git kupuuza. Bure. `.gitignore` haiondoi kilichokwisha kuingia, na toleo la nyuma bado lina ufunguo wako mzima mzima, anayetaka anausoma. Nenda kwanza kule ulikopewa ufunguo, uubatilishe, uchukue mpya, ndipo urudi tuendelee kulalamika.