Dada, hii oili au maji?

Fundi alilitikisa dumu karibu na sikio kama mtu anayechagua nazi, kisha akaniangalia. "Dada, hii oili au maji?"

Ilikuwa 5W-30, ya IST yangu yenye injini ya 1NZ. Yeye alishaniandalia 20W-50, nzito zaidi. Sababu yake naijua, na kama una gari Dar na wewe umeshaambiwa: huku joto, oili nyepesi ni ya Wajapani na baridi yao.

Miaka miwili nilikubali. Kila asubuhi nikiwasha, upande wa cheni ya taimingi ulikwaruza sekunde mbili tatu, halafu kimya. Fundi mwingine akanishauri ninunue cheni mpya. Nikarudi kwanza kwenye uzito unaotajwa kwenye kitabu cha gari, yaani 5W-30, na mkwaruzo ukapungua hadi nikausahau. Gari moja si utafiti, najua, ila hela ya cheni ninayo mpaka leo.

Ile W ni ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake inaeleza oili inavyojiweza ikiwa imepoa sana: 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Hapo fundi ana hoja, maana hata Makete mwezi wa Julai, umande ukiganda kwenye majani, hatufiki huko. Lakini kwa injini, baridi ni chochote kilicho chini ya joto lake la kazi. Saa kumi na mbili asubuhi Tabata, wewe tayari unatoka jasho, injini iliyolala usiku kucha bado ni ya baridi. Katika hali hiyo 20W-50 huwa nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Pampu inasukuma uji kwenye vijia vyembamba, na 1NZ ina VVT-i, mfumo unaopanga majira ya valvu kwa presha ya oili hiyo hiyo, kupitia kichujio kidogo kuliko ukucha.

Namba ya pili ni uzito wa oili kwenye nyuzi 100, na hapa ndipo hoja ya jua inaponishinda kuielewa. Thamostati ya gari hili hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, na kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto lile lile, iwe Sapporo kwenye baridi ya Japani au Sinza. Jua likizidi, rejeta na feni ndizo zinazohangaika. Halafu Tokyo yenyewe mwezi wa Agosti hufika nyuzi 35! Hizi gari zetu zimeshapigwa na jua kabla hazijapanda meli.

Kinachoipika oili ni mzigo. Noah imejaa watu na mabegi inapanda mlima Kitonga kwa gia ndogo, feni inalia: hapo ningeweka oili yenye namba ya pili 40 bila ubishi, mradi kitabu kinaruhusu. Injini iliyochoka nayo, inayotoa moshi wa bluu na kuomba oili kila wiki, 10W-40 itaisogeza siku mbili tatu. Haitaiponya. Na Hilux au Fuso za zamani za dizeli zinazokula 15W-40 miaka yote, waache na 15W-40 yao.

Kuna na foleni. Kimara hadi Posta ni chini ya kilomita 20, ila siku mbaya injini inanguruma saa mbili. Odometa haihesabu hilo. Stika yangu ya kubadilisha oili inasema kilomita 5,000, mimi namwaga kwenye 4,000, na ningekuwa dereva wa teksi ningemwaga mapema zaidi. Heri oili ya kawaida iliyobadilishwa mapema kuliko ya bei mbaya iliyogeuka lami.

Juzi nimerudi gereji ile ile. "Dada, leo tena maji?" Weka maji, nikamwambia, lakini usimalize dumu. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na yeye ana mazoea ya kumimina zote nne.