Bukari haipigake penalti

Usiku wa tarehe 16 Novemba 2025, katika nganda moja, yaani baa, ya Katuba, hapa Lubumbashi, runinga ilipandishwa juu ya friji na watu tukabanana mbele yake mpaka mtoto wa kuuza karanga akakosa pa kupitia. Léopards, timu yetu ya taifa, walikuwa Rabat na Nigeria, fainali ya Afrika ya kutafuta nafasi katika mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia 2026. Onyeka alitufunga dakika ya 3. Meschack Elia akasawazisha dakika ya 32. Halafu ikawa kungoja, mpaka penalti.

Nyuma yangu alikaa papa mmoja, mstaafu wa reli, mtu wa klabu ya Lupopo tangu ujana. Kila Aaron Wan-Bissaka, beki wetu wa kulia aliyezaliwa London, alipogusa mpira, yeye aliuliza: "Uyu mwana wa Londres anajua kula bukari?" Bukari ndio ugali wetu. Mwisho kijana mwenye jezi ya Mazembe, wapinzani wa Lupopo hapa mjini, akamgeukia: "Papa, bukari haipigake penalti." Nganda nzima ikacheka. Timothy Fayulu, golikipa aliyekulia Uswisi, akaingizwa kwa ajili ya mikwaju, Chancel Mbemba, mtoto wa Kinshasa, akapiga wa mwisho, tukashinda 4-3. Papa ndiye aliyeruka wa kwanza.

Mwezi uliofuata Shirikisho la Nigeria likatushtaki FIFA. Hoja yao ilikuwa hivi: sheria ya Kongo hairuhusu uraia wa nchi mbili, baadhi ya wachezaji wenu wana pasipoti za Ulaya na hawajazirudisha, basi pasipoti za Kongo mlizowapa ni za kudanganyia. Huku kwetu watu walijibu kwa matusi na vichekesho. Ni kweli, timu yenye Lookman aliyezaliwa London na Bassey aliyezaliwa Italia haiko mahali pazuri pa kuhesabu watoto wa Bulaya wa mwingine. Kesi yenyewe niiachie wanasheria. Lakini lazima tukubali jambo moja: Wanigeria, pamoja na uchungu wao, waliisoma Katiba yetu vizuri kuliko wengi wetu. Sheria yao inamruhusu Mnigeria wa kuzaliwa kushika uraia wa pili. Yetu haimruhusu mtu yeyote.

Ibara ya 10 ya Katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 inaongeza kwamba Mkongomani akichukua uraia wa nchi nyingine, wa Kongo umemtoka. Akiutaka tena, kuna njia ya kuuomba. Nimeitafuta sehemu inayosema "isipokuwa beki wa kulia". Haimo.

FIFA inauliza swali jingine kabisa. Inataka uraia wa kudumu, usiotegemea kukaa kwako mahali fulani. Na kwa aliyepata uraia mpya, inataka uhusiano wa kweli na nchi: wewe, mzazi au babu na bibi yako awe amezaliwa huko, au uwe umeishi huko kwa miaka kadhaa. Tangu 2020 imelegeza hata kwa waliokwisha kuvaa jezi ya timu kubwa ya nchi nyingine, mradi mechi zisizidi 3, za mashindano ziwe za kabla ya miaka 21, na zisiwe za fainali za Kombe la Dunia au za bara. Kama uliitupa pasipoti ya zamani au umeificha chini ya godoro, hayo ni ya kwenu nyumbani.

Mahakama ya michezo iliyoko Lausanne ilishapita karibu na njia hiyo. Mwaka 2022 Chile ilidai kwamba Byron Castillo wa Ekwado alikuwa Mkolombia. Mahakama ikaamua kwamba maadamu serikali ya Ekwado yenyewe inamtambua kuwa raia wake, alistahili kucheza. Pamoja na hayo, shirikisho lake lilikatwa pointi 3 na kutozwa faini, kwa sababu pasipoti iliandikwa mahali na tarehe ya kuzaliwa visivyo vya kweli. Na mwaka 2025 Malaysia iliadhibiwa kwa sababu vyeti vya mababu wa wachezaji 7 vilikuwa vimeghushiwa. Hapo ndipo ninapoona tofauti na sisi. Axel Tuanzebe alizaliwa Bunia. Wan-Bissaka alizaliwa Croydon kwa wazazi Wakongomani, na mwaka 2015, kabla Uingereza haijamchukua kwenye timu yake ya vijana, alishavaa jezi yetu ya chini ya miaka 20. Hakuna aliyewabunia bibi. Kwenye mizani ya kabumbu tuko salama. Kwenye mizani ya sheria yetu wenyewe, sioni tunavyojitetea.

Turudi kwa papa wa reli, maana swali lake halikuwa la sheria. Alikuwa anauliza kijana wa hapa atakwenda wapi. Elia aliyesawazisha Rabat alichezea Mazembe, na mwaka 2016 alitufungia mabao 2 katika fainali ya CHAN, mashindano ya wanaocheza ligi za nyumbani, tulipoipiga Mali 3-0 kule Kigali. Vijana wa namna yake wapo Kenya, wapo Ruashi, mitaa ya hapahapa Lubumbashi, wanacheza pekupeku kwenye vumbi jekundu. Leo mtoto huyo anashindania nafasi na mwenzake aliyelelewa na nyasi nzuri, daktari na chakula cha kupimwa. Halafu huyo wa Bulaya mara nyingine anakuja amechelewa: Wan-Bissaka aliitwa timu kubwa ya Uingereza mwaka 2019, akaumia, hakuitwa tena, kwetu alifika 2025, ana miaka 27. Mtu akisema tumepewa makombo, simwiti mchawi.

Ila simfuati. Mlango huu ulikuwa wazi upande mmoja kwa miaka mingi na hatukusikia kelele. Claude Makélélé alizaliwa Kinshasa, akaichezea Ufaransa. Steve Mandanda naye alizaliwa Kinshasa, akashinda Kombe la Dunia 2018 na Ufaransa, wakati mdogo wake Parfait alidaka golini kwetu: mama mmoja, bendera mbili. Babake Romelu Lukaku aliichezea Zaire. Babake Vincent Kompany ni mzaliwa wa Bukavu. Siku maji yanapoanza kurudi upande wetu, ndipo tuanze kuwapima watoto kwa bukari?

Na tukianza kupima hivyo, sisi wa Lubumbashi ndio wa kwanza kuaibika. Tarehe 8 Novemba 2015, uwanjani Kamalondo, Mazembe ilipochukua kombe la 5 la mabingwa wa Afrika, mabao mawili ya siku ile yalifungwa na Mbwana Samatta wa Tanzania na Roger Assalé wa Côte d'Ivoire. Sikumbuki mtu wa Cent pour cent, kundi la washabiki wa Mazembe, aliyekataa kucheza ngoma. Najua, klabu si taifa. Lakini siku ile mji ulijiita bingwa, haukujiita mwajiri.

Nje ya uwanja uraia unauma zaidi. Moïse Katumbi, rais wa Mazembe, amezungushwa miaka na habari za uraia wa Italia alioushika zamani. Tangu 2021 kuna pendekezo la kuwaachia urais watu wenye baba na mama Wakongomani tu, ambalo lingemfungia mlango, maana babake alikuwa Mgiriki wa Rhodes. Mwaka 2023 ombi la kumwondoa kwenye orodha ya wagombea lilifika Mahakama ya Katiba, likakataliwa. Wanaoutetea uraia mmoja wana sababu ambazo si za kuchekwa. Tuna majirani 9, vita vya mashariki vimetumia uraia kama kiberiti, na tumewaona wakubwa wakitawala kwa pasipoti moja huku wameshika nyingine ya kukimbilia. Sheria hii iliandikwa na watu walioogopa, na walikuwa na cha kuogopa.

Lakini woga wa waziri mwenye nchi mbili hauwezi kuwa kipimo cha muuguzi mwenye nchi mbili. Kwa vyeo vikubwa, wabane wanavyotaka. Kwa mwana wa Mkongomani aliyezaliwa au kuhamia ng'ambo, sheria ibadilishwe waziwazi, bungeni. Tusiendelee kumfumbia jicho mwenye viatu vya mpira na kumkazia mwenye koti la hospitali. Wanigeria hawakutukosea kwa kutuonyesha kwamba tunafanya hivyo.

Papa nilimkuta tena mwezi wa Desemba, nganda ileile, habari za mashtaka zikiwa zimejaa kwenye simu za watu. Nikamtania: sasa Nigeria wanauliza lile lako la bukari. Hakucheka. Mwanawe wa kwanza ni muuguzi Ubelgiji, alichukua uraia wa kule miaka mingi iliyopita. Mama yake alipofariki alikuja kuzika, akapanga mstari wa wageni kwenye uwanja wa ndege, na muhuri aliogongewa ulimpa siku 30. Walikula matanga pamoja, kwa mkono, kwenye sinia moja.

"Wangu ule anajua kula bukari bien," papa akasema, akiiweka chupa chini. "Na viza alilipa."