Mwani: ubaki pwani au uende kilindini?

Pwani ya mashariki ya Unguja, saa ya kazi hupangwa na bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na maji hufikia mwisho wa kupwa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Hapo wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, wengi wao wanawake, hutembea kwa miguu hadi shambani, wakafunga na kuvuna kwa saa chache kabla maji hayajarudi. Siku za maji mafu, yasipopwa sana, shamba halifikiki, basi hubaki na kazi ya kuanika. Mpango huo umewafaa tangu kilimo hiki kiliposhika mwaka 1989 kwa mbegu za Ufilipino, kwani hautaki chombo wala kujua kuogelea.

Lakini saa hizo hizo jua huwa limekaribia utosi. Maji yaliyobaki ya magotini, juu ya mchanga mweupe, hupata moto haraka. Kati ya aina mbili za mwani zinazolimwa hapa, spinosamu huvumilia. Kotonii hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakipanda zaidi kwa siku kadhaa mfululizo, hasa wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mmea hupauka, shina huwa jeupe na laini, kisha wimbi dogo tu hulikata. Ugonjwa huo huitwa ais-ais. Bakteria huonekana penye kidonda, ila aghalabu huingia baada ya mmea kuchoshwa na joto au na maji matamu ya masika, kwa hiyo kuosha kamba peke yake hakuponyi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa hivyo mara kwa mara, nayo ndiyo yenye bei: kwa kawaida takriban mara mbili ya spinosamu, kwa sababu karajinani yake, yaani utomvu wa mwani unaogandisha vyakula, huganda ngumu.

Wanaotaka mashamba yahamie kilindini wana hoja nzito. Penye maji ya mita 2 hadi 6 hata yakiwa yamepwa, joto halipandi na kushuka kwa ghafla, na mmea haukai juani. Badala ya vigingi viwili na kamba ya mita 4 au 5, hutumika kamba ndefu yenye nanga za mifuko ya mchanga na maboya, au nyavu za mfano wa mrija ambazo mbegu hujazwa ndani. Wavu una faida ya pekee: mmea hautegemei kikamba cha taitai kilichobana shina moja, kwa hiyo ukikatika haupotei na mkondo.

Wanaopinga nao hawajakosea. Mwani mbichi kilo 7 au 8 hutoa kilo 1 kavu. Kupata kilo 100 kavu ni kuinua zaidi ya kilo 700 zinazochuruzika maji, kutoka baharini hadi ndani ya chombo, huku nguo zimelowa na miguu haigusi chini. Pwani mzigo huo huvutwa ukielea maji yanapojaa. Tena wenye vyombo kwa kawaida ni wanaume, na kazi ikihitaji chombo, mgawanyo wa fedha nao hubadilika. Isitoshe, kusi huipiga pwani hii ya mashariki moja kwa moja: nje ya mwamba, boya lililolegea nanga hukokota mstari mzima na kuufunga fundo.

Kwa maoni yangu, mjadala umekwama kwa sababu kilindi kinazungumzwa kama shamba tu, ilhali kinafaa zaidi kuwa kitalu. Kotonii hukuzwa kwa vipande vya mmea uliopo; wote ukifa kaskazi, msimu unaofuata huanza kwa kununua mbegu. Mistari michache ya kitalu, kwenye mkondo wenye kina ulio ndani ya mwamba, inaweza kuiokoa mbegu hadi Juni maji yapoe. Hapo hupandwa pwani, lakini upande wa chini, ambako maji hubaki ya mapajani hata bamvua, na kuvunwa baada ya siku 45 hivi. Kaskazi ikirudi, pwani huachiwa spinosamu. Mapato hayatafikia ya kotonii ya mwaka mzima, lakini chombo kimoja cha kikundi kinatosha.

Penye udhaifu ni siku ya kuhamisha. Mbegu ikilundikwa kwenye chombo bila kivuli, hupata joto lile lile lililokimbiwa. Ifunikwe magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari, si ya kisima, na ifungwe kambani bamvua hiyo hiyo. Ikikosa kufungwa leo, irudishwe majini ndani ya wavu badala ya kulazwa ufukweni.