Lisosomu sio dampo la kudharau

Fomu two tulikuwa na ticha wa bio wa twisheni pale Manzese, akifika kwenye seli anakimbia kama daladala inayowahi abiria, mitokondria ni mtambo wa umeme, kiini ndo bosi, lisosomu ni mfuko wa kujiua, haya andikeni twende. Tukakariri hivyohivyo, mtihani ukaja tukajibu, maksi tukapata. Ila kwenye lisosomu mimi nasema tulipewa nusu ya habari, tena nusu yenyewe ile isiyo na utamu.

Simlaumu sana ticha maana hilo jina sio lake, limetoka kwa Mbelgiji Christian de Duve, aliyeitambulisha lisosomu mwaka 1955 na akaja kupata Nobel 1974. Kile kifuko cha ndani ya seli kina tindikali na vimeng'enya zaidi ya 50 vya kukatakata kila kitu, vikimwagika vingi seli inaumia kweli. Basi watu wakaishia hapo, dampo, tupa taka songa mbele.

Sasa kuna jamaa yangu ananunua makopo ya plastiki kwa waokotaji kule dampo la Pugu Kinyamwezi. Huyu ukimuuliza hali ya mji hakwambii ya kwenye redio, anakwambia wiki hizi chupa za soda zimepungua, maganda ya mayai ndo hayaonekani kabisa, watu wamebana. Dampo linajua Dar imekula nini kuliko hata wanaokula. Na seli nayo inauliza hukohuko! Protini zilizochakaa, mafuta yaliyookotwa kwenye damu, vyote vinapelekwa lisosomu vinavunjwa, afu vipande vinatoka vinatumika tena. Kwa hiyo mlinzi anayetaka kujua stoo ina nini anakaa pale mlangoni.

Mlinzi mwenyewe anaitwa mTOR. Ni protini, na ndo inayoruhusu seli ikue au isubiri. Jina lake linatokana na rapamisini, dawa iliyopatikana kwa bakteria wa kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, udongo ambao msafara wa Wakanada uliuchukua 1964 (nani alijua kwamba siku moja udongo ule utawafaa watu waliopandikizwa figo). Mwaka 1991 Michael Hall na wenzake kule Basel, Uswisi, wakaonyesha rapamisini inashika wapi, yaani kwenye protini hiihii, na walifanyia kwenye hamira, ndio, hamira hiihii ya maandazi. Amino asidi, yaani vile vipande vya protini, kama leusini na arginini zikiwepo, mTOR inavutwa inakuja kukaa juu ya ukuta wa lisosomu. Na mwaka 2017 ikaonekana hata kolesteroli, aina ya mafuta, iliyopo kwenye ukuta huohuo inahesabiwa. Hapo bado inasubiri insulini iseme mwili mzima umekula, maana stoo kujaa peke yake haitoshi. Vyote vikikubali, seli inajenga. Visipokubali mTOR inanyamaza, na seli inaanza kula vitu vyake vya zamani ili isife njaa. Hii ya kujila ndo ilimpa Mjapani Yoshinori Ohsumi Nobel 2016.

Mafuta nayo yana kipimo kingine mbali na pale lisosomu, na hiki nilikielewa kwa sababu ya mama mkubwa wangu wa Temeke. Anakunywa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kila usiku na kuna mtu kamwambia dawa ile inaosha mafuta kwenye mishipa kama sabuni kwenye sufuria. (Wauza chai za kusafisha mafuta Instagram nao wanasemaga hivyohivyo, tuwaache.) Nikamwambia hapana mama mkubwa, haioshi kitu. Statini inaizuia seli ya ini kujitengenezea kolesteroli. Ndani ya seli kuna utando wenye protini inayopima, kolesteroli ikishuka chini ya kama asilimia 5 ya mafuta ya utando ule, taarifa inakimbia hadi kwenye kiini: tumepungukiwa! Seli inatoa mikono mingi zaidi nje, mikono ile inadaka vifurushi vya kolesteroli vinavyopita kwenye damu, damu inabaki na vichache. Mikono hiyo ndo iliyowapa watafiti Brown na Goldstein wa Marekani Nobel 1985. Na vifurushi vikishadakwa vinapelekwa wapi kufunguliwa? Lisosomu. Lile lile dampo la ticha.

Mama mkubwa akanitazama, akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo mwanangu, kila usiku nalidanganya ini langu kwamba kuna njaa?"

"Eeh, mama mkubwa. Ni kama hivyo."

"Na lenyewe halishtuki?"

Halishtuki, nikamwambia. Lenyewe linapima kilichomo ndani ya seli zake, kule nje kwenye damu hata halichungulii.