Kabla joka halijaruka, hesabu vibaba

Katika riwaya yako ya fantasia, jeshi la watu 2,000 linaondoka pwani ukurasa wa 40. Ukurasa wa 43, siku ya tano, limeshapiga kambi ziwani, na katikati hapo hakuna aliyekula. Msomaji alikwishakubali joka, mzimu unaosema na mti unaotembea bila kuuliza swali. Hapa ndipo anapokifunga kitabu.

Basi tupige hesabu. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 alipewa posho ya kibaba cha nafaka kwa siku, tuseme gramu 700. Watu 2,000 watakula kilo 1,400 kila siku. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi, kwa hiyo chakula cha siku moja ni mizigo 44. Siku kumi zinataka wapagazi 440, nao wana matumbo: posho yao ni mizigo mingine karibu 100, na hao 100 watakula nini? Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, usumbufu wote huo umewafikisha kilomita 200. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya 1,000. Jeshi litanunua chakula njiani au litapora, na kijiji kilichoporwa sura ya 3 kinaweza kukataa kuwavusha mto sura ya 19. Hesabu imekuzalia kisa, hukulazimika kukitafuta.

Baharini ni vivyo hivyo. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, inavuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi; kusi, utokao kusini, inashika kuanzia Aprili hadi Septemba. Jahazi lako likitoka Lamu kushuka Unguja mwezi wa Julai, linapigana na upepo. Ukitaka mganga augeuze, sawa, ila sema nani analipa.

Kwenye malipo ndipo wengi tunapokuwa wavivu. Mchawi anafanya jambo kubwa, anachoka, analala, asubuhi mzima. Uchovu ni bei ya kutupa. Mila zetu zina utaratibu mkali zaidi: malipo hutangulia, na anayelipa ni mteja. Kuku mweusi, kaniki, ubani, mwiko wa siku saba. Mwiko ndio mali yenyewe, kwa sababu unaweza kuvunjwa. Andika kwenye daftari la ulimwengu wako kila uganga na mambo manne: unataka nini, unachukua muda gani, unafika umbali gani, ukiharibika unamdhuru nani. Ukikosa jibu la nne, uganga huo utakuja kumwokoa shujaa wako kila utakapoishiwa mbinu.

Halafu kuna lugha, na hapa nitakaa kidogo. Umebuni dunia isiyo na Uislamu, kisha mhusika anasema watakutana Ijumaa. Siku hiyo ina msikiti ndani yake. Neno kama "meza" lilitoka kwa Wareno, lakini limezoeleka hadi halisikiki tena, liache. "Wallahi" linasikika. Kipimo ni sikio, si kamusi ya asili ya maneno.

Idadi ya maneno nayo isikutishe. Ushauri wa kuandika maneno 1,000 kwa siku ulitungwa kwa lugha zinazotumia maneno matano pale unapotumia moja: "nisingalikuambia". Maneno 500 ya Kiswahili ni kazi ya siku nzima. Ukiyashika kwa siku 120, una rasimu ya maneno 60,000.

Hazina tunayoichezea ni upatanisho wa kisarufi. Kiambishi "a-" hakisemi mke wala mume, kwa hiyo unaweza kumficha mrithi wa kiti sura kumi nzima bila hila yoyote, mradi ukwepe "binti", "kaka" na "bibi". Tamu zaidi ni ngeli. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha: "li-", kama jiwe au jani. Sarufi ya darasani inadai chenye uhai kipewe "a-". Mwandishi anaweza kuzitumia zote mbili kwa makusudi:

"Zimwi lilisimama mlangoni. Likanusa. Likauona mkufu shingoni mwa mtoto, likarudi hatua moja nyuma. Zimwi akalia."

Silabi moja imebadilika na mnyama amekuwa mtu. Usiongeze sentensi ya kueleza kwamba mtoto alimhurumia, utaiua.

Tatizo ni mhariri. Akikutana na "li-" na "a-" kwa kiumbe kimoja ataona kosa, atasawazisha kitabu kizima kwa mkupuo mmoja wa kompyuta, na wewe utagundua kikishatoka kiwandani. Ambatanisha na muswada ukurasa mmoja: majina uliyobuni, wingi wake, ngeli yake, na namba ya ukurasa ambapo upatanisho unabadilika kwa kusudi. Ukiletewa prufu, yaani nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, anzia kurasa hizo.